Meko ya Rangi ya Damu ya Mzee

Nyumbani, 4 Juni

Mume wangu Mpima,

Hujambo huko mlimani? Sisi huku, yaani mimi na cherehani, hatujambo, ila baridi imeingia mapema na haina adabu. Jana nimewasha moto sebuleni kwa mara ya kwanza tangu unioe, ndipo nikapata nafasi ya kuyatazama vizuri yale meko yako.

Hivi kweli hiyo rangi ya damu ya mzee haikukoseshi raha? Imeshika matofali yote kuanzia sakafuni mpaka kwenye dohani, inakula mwanga wote wa dirishani. Wateja wakija kupimwa nguo hapo sebuleni, kitambaa cha waridi wanakiona cha kahawia. Juzi bibi harusi mmoja kashika gauni lake akaniuliza, "Fundi, mbona limefubaa?" Ikabidi nimtoe barazani alione juani, majirani nao wakaliona kabla ya bwana harusi.

Nataka kuyapaka nyeupe. Si nyeupe ya hospitali, nyeupe ya maziwa. Lakini naomba ruhusa kwanza, maana nyumba ni yako na mimi bado mgeni ndani yake.

Na nauliza, bila ugomvi: rangi ile aliichagua nani? Kama ni yeye, mke aliyekuwapo kabla yangu, sema tu. Mapazia yeye, sahani yeye, hata ndoano ya taulo bafuni aliigongomea yeye. Sitanuna. Nitanuna kidogo.

Simu yako bado haishiki. Basi tuendelee na barua za gari la vyakula, kama watu wa zamani.

Wako,
Fundi


Kambini, 12 Juni

Fundi wangu,

Barua yako imefika juu ya magunia ya vitunguu, na imenukia vitunguu, na bado nimeiweka chini ya mto. Huku barabara tunayoipima inapanda, inashuka, halafu inapanda tena pale pale. Vijana wangu wamenibatiza jina jipya, sikuambii.

Meko paka. Nyeupe, buluu, madoadoa ukitaka. Nyumba ni yako kama ilivyo yangu, usiniombe tena ruhusa.

Usipande ngazi peke yako.

Mpima wako


Nyumbani, 20 Juni

Mume wangu,

Umejibu yote isipokuwa nililouliza. Nimeona. Nimelinyamazia kwa sasa kwa sababu ulivyonikubalia haraka hivyo nilicheka peke yangu jikoni.

Furaha yenyewe haikukaa. Nilipaka mkono wa kwanza, nikapaka wa pili, sebule ikafunguka, nikauona hata ukuta wa upande wa pili, kama nimehamia nyumba ya mtu mwingine. Ikakauka vizuri. Jioni nikawasha moto nijipongeze. Kesho yake asubuhi madoa ya manjano yametokeza kila mahali, meko yamekuwa kama godoro la mtoto anayekojoa kitandani. Nikapaka tena juu yake. Yakarudi. Pembeni rangi imevimba, ukiigusa inabanduka kama ngozi iliyoungua, na chini yake damu ya mzee inanichungulia.

Nakwambia ukweli, nimekaa sakafuni nikalia. Si kwa ajili ya rangi. Nimeona kama nyumba imekataa.

Wako,
Fundi


Kambini, 29 Juni

Fundi wangu,

Usilie, nyumba haijakataa mtu. Hayo ni masizi. Moshi wa miaka umeingia ndani ya tofali, ukilipasha joto yanatoka na kutoboa rangi. Fanya hivi. Bandua yote iliyovimba. Sugua kwa brashi ya waya, kisha osha kwa maji ya moto na sabuni kali, suuza mpaka maji yatoke safi, acha matofali yakauke siku kadhaa bila kuwasha moto. Halafu paka andakoti, rangi ya chini ya kuziba madoa, ile ya mafuta, usikubali ya maji hata muuzaji akiapa. Juu yake ndiyo upake rangi inayostahimili joto. Ndani kabisa, panapokaa moto wenyewe, usipake rangi ya kawaida, ni hatari.

Na achana na nyeupe. Nyeupe kwenye meko utaishi ukiiosha. Paka kijivu, kama majivu. Kijivu kinasamehe.

Mpima wako


Nyumbani, 6 Julai

Mume wangu,

"Kijivu kinasamehe." Nimelisoma neno hilo mara nyingi, na kila nikilisoma linanukia manukato ya mtu mwingine.

Wewe nakujua. Wewe ndiye uliyeita rola ya kupakia rangi "kile kigurudumu". Wewe ulipaka geti mvua ikinyesha, ukasema itasaidia rangi kuenea. Leo unanifundisha andakoti ya mafuta na ya maji? Na kambini kwenu kuna wapima ardhi, dereva na mpishi. Nani kati yao anayejua masizi yanavyotoboa rangi?

Niambie jina la mtu huyo. Au usiniambie, maana nalijua. Kwa mke wako unaandika barua ya mistari mitano, kisha unakaa chini unamwandikia mwingine habari za sebule yangu, za madoa yangu, pengine hata za machozi yangu. Ulimwambia nililia?

Fundi


Kambini, 15 Julai

Fundi,

Ndiyo. Nilimwandikia yeye. Ukurasa mmoja, wa meko tu. Anaandika mabango ya maduka kwa mkono, kazi yake ni rangi tangu msichana, na mimi sina mtu mwingine ninayemjua anayejua rangi. Uliniandikia umekaa sakafuni unalia, nami niko mlimani nimeshika kamba ya kupimia. Nilitaka usaidike. Sikumwambia ulilia.

Swali lako la mwanzo nalijibu sasa. Rangi ile si yake. Aliichagua mama yangu, na baba aliipaka kwa mikono yake mwaka ule waliojenga. Yeye aliichukia. Miaka yote saba aliniomba tuibadilishe, na kila mara nilimjibu, "Mimi naipenda hivi hivi." Sikuipenda. Mama tuliishi naye, baba keshakufa, na mimi sikuwa na moyo wa kumwambia mama tunafuta kazi ya baba. Nikaona afadhali mke anione mkaidi. Sasa mama hayupo, ndiyo maana ulipoomba nikasema paka.

Hajui hili. Sikumwambia na haina maana tena kumwambia. Yamepita.

Naomba usikasirike. Sitamwandikia tena.

Mpima wako


Nyumbani, 22 Julai

Kwa Dada Mwandika Mabango,

Salamu. Mimi ndiye mke wa Mpima. Ningeweza kupiga simu, namba yako ipo kwenye mabango yako mji mzima, ila niliona sauti ingenitoka vibaya.

Nashukuru kwa maelekezo ya meko. Nimesugua, nimeosha, nimepaka andakoti ya mafuta, na madoa yametulia. Hilo la nyeupe, hata hivyo, sitakufuata. Muuza rangi wa sokoni ameniambia nyeupe ya kustahimili joto inakaa miaka bila shida mradi andakoti iwe sawa. Akashangaa nani kanikataza. Mimi mwenyewe nimeshangaa, kwa sababu mtu anayejua rangi kama wewe asingekosea jambo dogo kama hilo.

Siku nyingine ukiwa na ushauri kuhusu nyumba yangu, niletee mimi. Mume wangu ana kazi nyingi. Na wala hana neno: nilimwomba kubadilisha rangi ile mara moja tu, kwa barua, na jibu likaja na gari lililofuata. "Paka," akasema. "Hata madoadoa ukitaka."

Ni mimi,
Fundi Cherehani


Karakana ya mabango, 27 Julai

Fundi,

Nimepokea. Umeandika kwa adabu sana, kila neno limenyooshwa pasi. Na umeniumiza pale ulipokusudia, kwa hiyo tusizungushane.

Hukukosea. Nyeupe haina shida yoyote kwenye meko. Nilipopata ile barua yake, "mke wangu anataka nyeupe na imemshinda", nilikuwa juu ya ngazi naandika bango la duka la viatu. Niliteremka. Nikaandika maelekezo yote kwa haki, kila hatua ni ya kweli, nilipofika kwenye nyeupe mkono ukakataa. Nikaandika kijivu. Nyeupe ndiyo niliyoitaka mimi. Nyeupe ya maziwa, hasa. Nilikuwa na kipande cha ubao nimekipaka, nimekisimamisha juu ya meko ili akizoee. Siku moja nikakikuta uani nyuma ya pipa.

Wewe umeomba mara moja, ukapewa. Mimi miaka saba naambiwa, "Mimi naipenda hivi hivi." Hatukuachana kwa ajili ya rangi, usinidhanie mpuuzi. Lakini kila aliponiomba nivumilie jambo, nilikuwa nimeketi nayatazama yale meko, nikijiambia: huyu hawezi kunipa hata hiki. Sasa najua aliweza. Hakutaka tu kunipa mimi.

Basi umeshinda. Paka nyeupe yako, na iwe ya kung'aa. Mimi usiniandikie tena.

Mwandika Mabango


Kwa dada yangu, 3 Agosti

Mume wangu,

Angalia hapo juu naandikia wapi. Nimefunga nyumba, cherehani nimeiacha, niko kwa dada. Sijakuacha. Nimeshindwa kukaa kwenye chumba kile.

Nilimwandikia mke wako wa zamani. Nilitaka aumie. Nilimrushia neno lako la "paka" kama jiwe, na nikijua kila kitu ulichoniambia kuhusu mama yako, nikakifungia mdomoni. Amejibu. Anaamini mimi umenipenda na yeye hukumpenda, na ushahidi wake ni meko. Na mimi, Mungu anisamehe, niliposoma hivyo nilifurahi. Nikaenda kujitazama kwenye kioo cha wateja, nikajigeuza kama bibi harusi.

Halafu ile furaha ikaanza kuniwasha. Maana si ya kweli. Mimi hukunipa kitu ulichomnyima yeye. Mimi nimefika mama keshakufa, basi.

Na jingine linanikereketa zaidi. Kama uliweza kumdanganya mke miaka saba kwa sababu ya woga, na uso wako ule ule mpole, mimi je? Kuna "naipenda hivi hivi" ngapi ambazo umeshaniambia? Nikikupikia unasema chakula kitamu. Ni kitamu?

Mwambie ukweli. Ni wako, si wangu.

Fundi


Kambini, 11 Agosti

Fundi wangu,

Rudi nyumbani, nakuomba. Barua yako nimekaa nayo kwenye jiwe mpaka kijana mmoja akaja kuniuliza kama kuna msiba.

Nimejaribu kumwandikia. Karatasi ya kwanza nimeandika jina lake, nikasimama, nikakuona wewe. Niliahidi sitamwandikia tena. Nikivunja, utasema nini safari hii? Nisipovunja, utasema nini? Na nikimwandikia, nitamwambia kwamba miaka saba nilimwogopa mama kuliko nilivyomwonea huruma yeye. Hilo nimelisema sasa kwako.

Chakula chako kitamu. Wali unauzidishia chumvi.

Mpima wako


Nyumbani, 18 Agosti

Dada Mwandika Mabango,

Ulinikataza kukuandikia. Isome hii halafu ichane.

Ile barua yangu ya kwanza ilikuwa na uongo ndani yake, uongo wa kunyamaza. Nilijua kwa nini ulinyimwa na nikakuficha. Rangi ile aliichagua mama yake, baba yake aliipaka kwa mikono yake. Mume wangu hakuipenda hata siku moja. Alishindwa kumwambia mama yake, akaona ni rahisi kukwambia wewe kwamba yeye ndiye anayeipenda. Mimi nilikubaliwa kwa sababu mama amekufa. Siyo kwa sababu ya macho yangu.

Sikutaka ulijue hili. Nimeishi kwenye nyumba yako, nakula kwenye sahani zako, nanyoosha mkono gizani bafuni na taulo liko pale pale ulipotaka liwe. Nilikuwa na kitu kimoja tu nilichopata mimi ambacho wewe hukupata, na nilitaka kukishika. Lakini nilipolala usiku wa jana nimekiona si changu.

Sikuombi msamaha wake. Huo ataomba mwenyewe. Naomba wangu.

Meko yapo vilevile, yana andakoti tu. Sijaweza kupaka.

Fundi


Karakana ya mabango, 24 Agosti

Mwenzangu,

Sikuichana. Nimeisoma karakanani, nikafunga mlango, mteja akagonga akachoka.

Mwanzoni nilimkasirikia huyo mume wako mpaka nikamwaga kopo zima la rangi nyekundu. Halafu nikacheka mpaka nikakaa. Sikiliza nikwambie kwa nini, na umwambie na yeye.

Mama mkwe nilimuuguza mimi. Miaka ya mwisho ya ndoa yangu miguu ilimkataa, alikuwa anaketi hapo hapo mbele ya moto na blanketi. Siku moja, mwaka ule wa saba, nikamkuta ameyakazia macho yale meko. Nikamuuliza, "Mama, baridi?" Akasema, "Si baridi, mwanangu. Ni hii rangi. Niliichagua nikiwa mjinga wa miaka ishirini. Tangu wiki ile ile nimeichoka, ila marehemu aliipaka kwa furaha, ningemwambiaje? Na sasa huyu mwanangu anaipenda kama roho yake. Kila ukimwomba aibadilishe, namsikia anavyoitetea. Mwache nayo, ni kumbukumbu ya baba yake."

Basi nikamwacha nayo. Kwa ajili ya mama mkwe, nikaacha kuomba.

Umeona? Watu watatu tumeketi mbele ya ukuta mmoja, kila mmoja anauchukia, kila mmoja anamtunzia mwenzake.

Andakoti isikae wazi muda mrefu, inashika vumbi na rangi haitashika. Nina Jumamosi moja haina kazi. Nisipotakiwa, sema. Nikitakiwa, nitakuja na brashi zangu, maana za sokoni zinamwaga nywele.

Mwandika Mabango


Nyumbani, 1 Septemba

Mume wangu Mpima,

Nimerudi nyumbani, kama unavyoona hapo juu. Na meko ni meupe.

Alikuja. Ni mfupi kuliko nilivyomdhania, na ana sauti kubwa. Alisimama mlangoni akasema, "Nivue viatu?" nikasema, "Sakafu unaijua," tukabaki tumetazamana kama majogoo. Kisha akaingia, akapitisha kiganja juu ya andakoti yangu, akasema nimeipaka vizuri. Sikutaka nifurahi, nikafurahi.

Tulipaka mchana kutwa. Yeye alichukua kingo, mimi katikati. Anapaka mstari ulionyooka bila kushika pumzi, na mimi nikakata kitambaa cha kufunika sakafu kwa jicho tu, bila kupima, akasema, "Haa!" Hapo tukawa sawa. Tulikusema, usidhani hatukukusema. Tulicheka mpaka jirani akaja kuomba chumvi ambayo hakuihitaji.

Lakini nisikufiche. Tulipopumzika alikwenda jikoni mwenyewe, akafungua kabati la kushoto, akatoa vikombe bila kuniuliza viko wapi. Niliumia, Mpima. Hapa kifuani. Nilimtazama mgongoni nikawaza mambo ambayo si mazuri. Naye alipokuwa anaaga aliyatazama meko muda mrefu, akasema, "Yamependeza kama nilivyojua yangependeza," na nikaona na yeye anaumwa pale pale. Hatukukumbatiana. Alisahau brashi moja, au aliiacha. Siwezi kujua.

Aliniambia jambo la mama yako, nami nakwambia kama lilivyo. Mama hakuipenda rangi ile. Alimwambia mwenzangu huyu kwa mdomo wake: aliichoka tangu wiki iliyopakwa, akamstahi baba yako, na baadaye akakustahi wewe, akiamini wewe ndiye unayeipenda. Keti kwanza kabla ya kulisoma mara ya pili.

Nakuomba kitu kimoja. Mimi usinistahi hivyo. Usilolipenda liseme, siku hiyo hiyo, hata kama nitanuna.

Wako,
Fundi


Kambini, 9 Septemba

Fundi wangu,

Nimekaa. Nimelisoma mara ya pili. Nimekwenda nikatembea barabarani, ile tuliyokwisha kuipima, mpaka kigingi cha mwisho, nikamlilia mama yangu kwa sauti, jambo ambalo sikulifanya siku ya mazishi. Jioni nimemwandikia yule mwenzako karatasi moja ya kumwomba radhi. Nimeitia ndani ya bahasha hii bila kuifunga. Isome, kisha mpe mwenyewe.

Sasa na mimi nitekeleze ulichoniomba. Nyeupe siipendi. Sijayaona hayo meko na tayari siyapendi. Nyeupe inanikumbusha wodi. Ningependa kijani.

Na kuna jingine, ambalo nimelibeba tangu barua yako ifike. Naona wivu. Mmeketi kwenye sebule yangu, nyinyi wawili, mmecheka mchana kutwa, na mimi niko huku na vitunguu, sijui mlicheka nini. Nimejaribu kukisia. Kila ninachokisia kinanihusu.

Nakuja Ijumaa. Nitafika nimenuna. Nipokee hivyo hivyo.

Mpima wako